Nyumba Yetu Ilivyokataliwa na Kompyuta

Tongoni, baada ya isha

Mwanangu Idi,

Usicheke. Najua umezoea kuniita dada, na najua mimi nina miaka kumi na saba na wewe kumi, na Bakari akiiona karatasi hii atakutania mpaka basi liondoke. Kwa nini nakuita hivyo nitakueleza. Kwanza niseme lile ambalo sijapata kumwambia mtu, maana nikilichelewesha nitaona haya, na nikiona haya nitaacha.

Mimi niliujua ugonjwa wako tangu mwaka jana. Kabla ya masika ya mwaka huu, kabla hujalazwa. Mama alipokuwa akikusugua miguu kwa mafuta ya nazi na karafuu akisema hii ni baridi yabisi, mimi ndiye niliyemshikia kibatari, na nilijua kuwa si baridi yabisi. Nilikuwa nimeliona jina lako kwenye kioo cha kompyuta, na mbele ya jina herufi zinazosema sikoseli. Nikamshikia Mama kibatari, nikanyamaza.

Haya, limetoka.

Wewe umelala chumba cha pili na Bakari, nasikia mnavyokoroma kwa kupokezana. Baba hajarudi msikitini. Mama ametoka kwenda kwa Bi Mwanakombo kuazima mkoba wa safari, kwa kuwa zipu ya ule wetu imekufa. Kila nikisikia kishindo nje naisukuma karatasi chini ya mkeka, ndiyo maana unaiona imekunjamana. Mambo ya kunywa maji mengi, kuvaa sweta, kutonyeshewa mvua na kumwamkia shangazi kila asubuhi kabla hajakuamkia yeye kwa kofi, Mama amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena stendi mbele za watu. Huko mimi sina la kuongeza. Barua hii isome ukifika kwa shangazi, huko kwenye kliniki yako. Usiisome ndani ya basi, utatapika.

Unamkumbuka Dokta Yasmini? Yule aliyekuja na gari jeupe likizo yangu ya kidato cha tatu, akaweka meza kwenye veranda ya zahanati. Wazee walimpokea vizuri kwa ajili ya baba yake, Mhindi mwenye duka la vitambaa kule barabara ya nane, ambaye wakati ule nguo hazipatikani aliwafichia wake zao kanga chini ya kaunta. Dokta alikuwa akitafuta familia zenye watoto wanaovimba vidole na kuumwa mifupa. Anapima damu ya mama, ya baba, ya watoto, na sehemu ya damu hiyo inapelekwa ng'ambo kwenye barafu, kwa wenzake wenye mashine za kusoma vinasaba. Mwalimu mkuu alinichagua mimi nimsaidie kwa sababu Kiingereza changu ni kizuri kwenye karatasi. Hakumwambia kwamba kwa mdomo sisemi, kwa lugha yoyote.

Kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu maswali. Yaliandikwa Kiingereza, nami niyaulize kwa Kiswahili kisha niandike majibu kwa Kiingereza. Unanijua nilivyo. Kijiji cha Kigombe mzee mmoja alinisikiliza maswali kama matatu hivi, kisha akasema, "Mwanangu, unaniuliza mimi au unaviuliza viatu vyangu?" Veranda nzima ilicheka, nami nikazidi kuviuliza viatu vyake. Mwenzake alikataa kuchomwa kabisa. Alisema mumiani wa zamani walikuja usiku, wa siku hizi wamesoma, wanakuja mchana na risiti. Dokta alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililoliweza, na nilijisifu moyoni. Akina mama walikuwa hawaelewi ugonjwa unatokaje kwa wazazi ambao wenyewe ni wazima. Dokta alieleza, nami nikaligeuza. Niliwaambia, mnajua mkeka. Kila mtoto ni mkeka ulioshonwa kwa kili mbili, mikanda miwili ya ukindu, mmoja wa mama na mmoja wa baba. Ukili wa mama ukiwa na mwaa mmoja mbovu, jani moja tu la kusukia, na wa baba ukawa mzima, mkeka unakaa, hata huoni. Lakini kili zote mbili zikiwa na mwaa mbovu, na zikakutana pale pale, hapo ndipo mkeka unapoachia. Wakatikisa vichwa, mmoja akasema kumbe ndiyo hivyo tu. Dokta aliniambia nyuma ya meza kwamba huko ng'ambo sasa wanaisoma miyaa yote ya binadamu, mmoja mmoja, tangu pindo hadi pindo, na bado hawajamaliza. Na ni mingi kiasi kwamba mtu hawezi kuisoma kwa macho, kompyuta ndizo zinazoilaza mikeka ubavu kwa ubavu na kutafuta ilipotofautiana. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiuangalia mkeka wa barazani kama kwamba utaniambia kitu.

Sasa sikiliza kosa langu, maana halikuanza kwenye kompyuta. Lilianza kwenye swali.

Swali lenyewe kwa Kiingereza lilikuwa jepesi. Watoto uliowazaa mwenyewe ni wangapi, na baba mzazi wa kila mmoja ni nani. Hebu mtazame mwanamke wa hapa, watoto wamemzunguka, mmoja kamlalia mapajani, umwulize yupi katoka tumboni mwako na yupi hakutoka. Utakuwa umewabagua mbele ya macho yao. Hapa kwetu mtoto wa mke mwenza, mtoto wa marehemu dada, mtoto aliyeachwa na anayesafiri, wote wanasemwa wangu na mtu haulizi zaidi. Mimi sikuweza. Kwa hiyo kila nyumba nilipofika kwenye swali hilo nililainisha. Niliuliza, "Mama, una watoto wangapi?" Wakajibu kwa heshima ile ile niliyowaulizia. Nikachora duara kwa kila mwanamke, mraba kwa kila mwanamume, na mistari ikashuka safi kabisa. Dokta aliisifu michoro yangu.

Ikafika zamu ya nyumba yetu. Mama alikuja na wewe na Bakari, Baba nyuma yenu na kofia ya Ijumaa. Nikamwuliza mama yangu mzazi kama mgeni: una watoto wangapi. Akasema si unawajua. Nikamwambia lazima niulize. "Basi andika wanne," akasema. "Mmoja katangulia." Yule aliyetangulia ni Mwanahamisi, dada yetu mkubwa mnayemwombea kila Ijumaa. Waliobaki ni mimi, Bakari na wewe. Nikaandika wanne. Nikateremsha mstari kutoka kwa Mama na Baba hadi kwako, safi kama mingine, kwa sababu nyumbani kwetu hivyo ndivyo ilivyo.

Vibandiko vya vichupa nilivibandika mimi, Idi. Nilivibandika polepole, nikisoma jina kwanza, nikimtazama mwenye jina. Hakikukosewa hata kimoja. Likumbuke hilo.

Wiki za mwisho za likizo Dokta alinichukua mjini nimsaidie kuingiza majina kwenye kompyuta. Ilikuwa imewekwa chumba chenye kiyoyozi, na kiyoyozi hicho kilikuwa cha kompyuta, si cha watu, watu walivumilia tu baridi. Ilikuwa na programu ya kukagua kama familia inalingana na damu yake. Unaingiza mchoro, unaingiza majibu ya vipimo, kisha inafikiri, na nyumba ikiwa sawa inapita. Nyumba za Kigombe zilikuwa zimepita nyingi, mbili tatu zikakwama na kuwekwa kando. Yetu ilipoingia ikatokea alama nyekundu.

Dokta alisogeza kiti, akaniuliza kama nyumba hiyo ni ya kwetu, nikasema ndiyo. Akapitisha kidole kwenye kioo. Damu ya Mama ilikuwa na ukili mmoja wenye mwaa mbovu. Wewe ulikuwa nao pande zote mbili. Baba hakuwa nao popote. Hata mimi niliona. Mkeka wako ulikuwa na ukili usiotoka kwa Baba.

Aliinuka akafunga mlango. Akasema kwa sauti ya chini, "Sikiliza mwanangu. Mambo haya hutokea majumbani. Usimwulize mama yako, wala usimsimulie baba yako. Mimi nitaifunika."

Alisema kwa wema. Alikuwa ananihurumia. Nami nikaelewa anamfikiria nini Mama, Mama yetu, ambaye hata sokoni hapiti bila kumwambia Baba anakopita. Neno la kumtetea nilikuwa nalo mdomoni, fupi, jepesi, na watu wazima wote wa Tongoni wanalijua. Lakini neno hilo halikuwa limesemwa nyumbani kwetu miaka tisa, na mimi sikuwa mtu wa kuanza. Basi nikasema jingine. Nilisema kwa Kiingereza, lugha ya kujibia mitihani, kwa hiyo halikunisumbua kama ningelisema kwa Kiswahili. Nilimwambia nimechanganya vibandiko.

"Vya nyumba hii tu?"

"Sikumbuki, Dokta. Labda vya siku nzima."

Alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyake. "Nilidhani wewe ndiye mwangalifu kuliko wote," akasema, na hilo ndilo kemeo pekee alilonipa. Vichupa vya siku ile vikafutwa vyote. Si vyetu peke yetu, Idi. Vya Tongoni nzima. Hakuna nyumba iliyoletewa majibu, na watu wakasema, si tuliwaambia mumiani hao, damu wamechukua na majibu hatujapata.

Sasa nikuambie neno lenyewe.

Wewe hukuzaliwa na Mama. Ulizaliwa na Mwanahamisi. Nilikuwa na miaka saba na nilikuwepo, au tuseme nilikuwa njiani. Ulikuwa wakati wa shida, ukienda kujifungua unakwenda na kila kitu chako, na sabuni ilikuwa haionekani. Mama alinituma nizunguke nyumba kwa nyumba niombe hata kipande. Hakuna aliyekuwa nacho. Bi Mwanakombo alinipa majani ya mpapai, ndiyo watu waliyokuwa wakifulia, nikarudi nayo mbio nimeyakumbatia. Gari la kumpeleka Mwanahamisi mjini lilikuwepo, petroli haikuwepo. Niliporudi wewe ulikuwa umefungwa kanga na unalia, na dada yangu alikuwa amefunikwa yake, uso na yote. Nilibaki nimesimama mlangoni na majani yangu. Nilidhani nimechelewa mimi. Kwa muda mrefu nilidhani hivyo, na sikumwuliza mtu, ndivyo nilivyo.

Mama hakulia pale pale. Bakari alikuwa bado ananyonya. Mama alikaa kitako, akamweka Bakari upande mmoja na wewe upande wa pili, akatutazama wote tuliokuwa chumbani, akasema, "Nyumba hii hakuna mtoto wa kupewa. Anayenyonya hapa ni wangu, na atakayemwambia vingine asikanyage kwangu." Ndiyo hiyo sheria. Majirani wameishika, mashangazi wameishika. Baba yako mzazi, Athumani, mume wa Mwanahamisi, alikuwa utingo wa malori ya Horohoro, mpakani. Alikuja, akakaa barazani, akakupakata. Akasema hawezi kukulea barabarani. Alileta sukari safari mbili tatu, kisha tukasikia ameoa Mombasa. Hakuwa mtu mbaya. Nakumbuka alikuwa akinibebea kokoto nzuri nzuri mfukoni.

Kwa hiyo hapa kwetu, Idi, mdogo wa mama yako ni mama yako. Mimi ni mama yako mdogo. Nilikuwa nao umama huo tangu nina miaka saba na meno ya mbele hayapo, na sikuruhusiwa kukuita mwanangu hata mara moja. Leo nimekuita hivyo, pale juu. Nimeona inavyokaa mdomoni. Inakaa vizuri.

Niliporudi kutoka mjini nilijiambia nitasema kesho. Nilimwona Mama akichemsha karafuu. Nilikuona ukiamka na mikono imevimba ukienda shule hivyo hivyo, hushiki kalamu, na mwalimu anakuita mvivu. Nilikuwa na jibu na nilikaa nalo kama mtu aliyeficha dawa. Nilijiambia nasubiri kwa sababu ya Mama, kwa sababu ya sheria yake, kwa sababu ya adabu. Kisha masika yakaja, baridi ikakuingia kifuani, na ile safari ya usiku kwenye pikapu la samaki unaijua. Usichojua ni kwamba nilikuwa nimekushika kichwa na nilikuwa nahesabu pumzi zako, na kila pumzi nilisema nitasema, nitasema. Tulipofika hospitali wakakupima wenyewe, wakapata wenyewe. Mama akasema Mungu ametuonyesha. Na mimi, badala ya kusema, nikashukuru kwamba sihitaji tena kusema.

Walitaka mtu wa kukutolea damu. Baba alikunja mkono wa kanzu kabla muuguzi hajamaliza kuuliza. Aliwaambia, "Huyu ni wangu, chukueni." Wakapima, ikafaa, wakachukua. Ile damu ambayo kompyuta ilisema haihusiani nawe kama ya baba na mwana ndiyo iliyokutoa rangi ya majivu usoni. Nilikaa kwenye benchi nikaitazama ikishuka kwenye mpira. Nilifikiri kwamba kompyuta haikudanganya. Mimi ndiye niliyeidanganya kwanza, kwa mchoro wangu mzuri, kisha nikaidanganya tena ilipouliza.

Nimelifikiri sana tangu hapo, na hiki ndicho nilichokipata, si kikubwa. Mama alinyamaza kwa ajili yako. Ukimya wake una kazi, ulikulisha na kukulinda, na sidhani alikosea. Mimi nilinyamaza kwa ajili yangu, nisitazamwe, nisiulizwe swali la pili. Kwa nje ukimya wangu unafanana kabisa na wa Mama, ndiyo maana ulinidanganya mimi mwenyewe. Wewe nawe unaelekea huku kwangu. Nimekuona. Ukiumwa unageukia ukutani, usiwasumbue watu. Huko uendako usigeukie ukutani, mwanangu. Msumbue shangazi. Mwamshe. Atakutukana na atakupeleka.

Na kwenye kliniki watakuuliza. Watachora miduara na miraba kama mimi. Ukiwapa majibu ya nyumbani, kompyuta yao nayo itakataa, na daktari mwingine mwenye huruma atafunga mlango amfikirie Mama vibaya. Basi waambie hivi: mama mzazi ni Mwanahamisi, alifariki siku uliyozaliwa. Baba mzazi ni Athumani, yuko Mombasa, na huenda ana watoto wengine wenye mwaa huo huo, nao ni ndugu zako, wanastahili kutafutwa wapimwe. Hilo nitalisukuma mimi huku kwa madereva wa Horohoro. Kisha waambie wachore na Mama wa Tongoni. Programu ile ina mstari wa ndoa na mstari wa kuzaa. Wa kunyonyesha haina, nimeutafuta. Nadhani hakuna aliyewauliza. Wewe waombe kalamu, uchore mwenyewe nukta nukta kutoka kwake hadi kwako, na kutoka kwa Baba pia, hata kama hazitaingia kwenye kompyuta.

Dokta Yasmini bado anakuja mjini. Ukishaondoka nitakwenda kwake. Nitamwambia vibandiko vilikuwa sawa, na swali ndilo nililolipotosha, na Tongoni ianze upya. Mjukuu wa Bi Mwanakombo anavimba vidole, umemwona. Sijui Dokta atanifukuza ama vipi. Nitajaribu kumtazama usoni, ingawa siahidi.

Nasikia ndara za Mama uani. Anazungumza na paka, ana mkoba mkononi, unakwaruza ukuta. Mkono wangu umekwenda kwenye karatasi wenyewe, kwa mazoea. Na hata sina sababu ya kuificha, maana yeye anasoma herufi za Kiarabu za chuoni tu, hizi zetu za shule hazijui. Ningeweza kumwambia naandika orodha ya dawa zako na angeniamini.

Nimeurudisha mkono. Karatasi iko juu ya mkeka, karibu na taa, mahali anapokaa. Ataniuliza ninaandika nini, na sheria ni yake, na mtoto ni wake, hataondoka nayo barua hii bila yeye kuisikia. Nitamsomea. Nitaanzia pale juu, kwenye lile neno ulilolicheka.